Ijumaa Usiende Ipogolo

Uyole, Mbeya
Jumanne

Kaka yangu Sosthenes,

Kamwene. Na shikamoo yangu ipokee, nimeipigia magoti hata kama hunioni. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Rozalia na watoto, na kwamba baridi ya Kihesa haijakiamsha tena kile kifua chako. Sisi huku tu wazima wa mwili. Roho yangu ndiyo haitulii, tangu Jumapili nalala nikiamka.

Utashangaa kuletewa barua na kondakta wa basi wakati simu ninayo. Kaka, tusidanganyane. Ukinipigia, kabla hujamaliza kusema mimi nimeshaitikia ndiyo kaka. Ndivyo ilivyokuwa Jumapili, uliponieleza kwamba posa ya kijana wa Mzee Anord umeshaipokea, wageni wanakuja Jumamosi, na mimi nimlete mdogo wetu Happy kwa basi la Ijumaa. Ukasema chuo atakiacha, uuguzi utamsubiri. Nikasema ndiyo kaka, nikabaki nimeshika mwiko, ugali unaungua.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana hukuwahi kuiuliza vizuri na mimi sikuwahi kujieleza. Huyu Dokta Mwanakhamisi ninayemsaidia si wa kutibu. Ni msomi wa saikolojia, anachunguza kwa nini watu huwatii wakubwa hata pale wanapoona wazi kwamba wanachoambiwa si sawa. Mwezi huu tulikuwa Chimala. Tulichukua vitalu vya mpunga, miche mizuri, imefikia kuhamishwa, tukawaita wakulima mmoja mmoja kama kwenye utafiti wa mbegu. Mtu akifika anamkuta bwana shamba na kofia yake na kitambulisho kifuani, anaambiwa ang'oe miche yote ya kitalu kimoja aitupe kwenye tuta ikaukie juani. Huyo bwana shamba ni Ipyana tu, kijana wa maigizo kutoka Tukuyu, hajui mpunga wala majani ya ng'ombe. Mimi nilikaa pembeni naandika, na mwishoni nilimweleza kila mmoja ukweli.

Waliing'oa, kaka. Watu wazima waliokulia kwenye majaruba. Mama mmoja, Mama Eveline, aliuliza kama miche ina ugonjwa. Ipyana akamjibu kuwa hayo ni maagizo, aendelee tu. Akaendelea, machozi yanamtoka, huku anaiomba miche radhi kwa Kisangu. Baadaye nilipomuuliza kwa nini hakuondoka akaenda zake, alinitazama kama mimi ndiye mjinga, akasema si aliambiwa. Nikawacheka watu wa Chimala njia nzima kurudi nyumbani. Huo mdomo wangu unaujua.

Aliyenikata kicheko ni Mwalimu Obeid, mstaafu. Yeye hakuuliza kitu. Aling'oa kitalu kizima kwa adabu, kila neno ndiyo mtaalamu. Ipyana alipokwenda kunywa chai, mzee akaikusanya miche yote, akaifunga mafungu, akaitia mizizi kwenye mfereji isife. Akaninong'oneza kwamba mkubwa habishiwi, unamkubalia, halafu unaokoa unachoweza. Funika kombe mwanaharamu apite. Dokta hakujua amwandike mtiifu au mkaidi.

Mimi nilimjua mara moja, maana ndiyo nyumba yetu hiyo. Unakumbuka Baba aliposema kidato cha nne kinamtosha mtoto wa kike? Mama aliinama akasema sawa, kisha akanipeleka Makambako kwa shangazi, eti nikamsaidie kulea. Kule nikasoma mpaka kidato cha sita. Baba alijua nikiwa nimeshamaliza, na hakuacha kumnunia Mama mpaka anaingia kaburini.

Kwa hiyo Jumapili ile nilishaupanga uongo wangu. Ningekuambia Happy ana malaria. Wiki ijayo ningesema mitihani. Lakini nikakuwaza wewe, umevaa koti lako la kanisani, unamwahidi Mzee Anord siku baada ya siku kitu ambacho hakipo, na mimi huku najiona mwerevu. Hiyo si heshima, kaka. Ni kukucheza shere kwa upole.

Jana nikaenda hosteli kwa Happy, ambaye Jumapili nilimpigia simu na maagizo yako kabla sijawaza lolote. Nikamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Akaniuliza, si kaka ameshasema? Nikamwambia najua ulichosema, namuuliza yeye. Akanionyesha sare zake za wodini, ameshazikunja vizuri ampe mwenzake wa chumbani. Kaka, niliiona miche ile ile mikononi mwa mdogo wangu, na mpeleka maagizo safari hii nilikuwa mimi. Nililia pale pale, nikamtisha mtoto wa watu.

Basi nakuambia wazi: simleti. Ijumaa usiende stendi ya Ipogolo kumpokea. Mwambie Mzee Anord mapema, kabla hajawasumbua ndugu zake, na kama unaona aibu sema dada yako Bertha amekataa, kwa kuwa ndiyo kweli. Utaniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya, acha livunjike langu. Tangu Baba afariki umetubeba bila kulalamika, mkubwa ni jalala, na hakuna siku nimesahau. Nakupenda, na nakuogopa, na leo nimekukatalia. Vyote vitatu ni mimi.

Ila sitaki kumwondoa Happy mikononi mwako ili nimwamrishe mimi. Nitampitishia karatasi hii kabla ya kuifunga, nimemwachia nafasi hapo chini. Sikumwambia aandike nini, wala sijui kama ataandika. Akiona ni heri aje, nauli anayo na njia anaijua.

Nisalimie wifi, mwambie mbegu za maharage nimezipata. Nisalimie watoto, hasa yule anayejifanya mchungaji. Mungu akulinde, hata ukiwa umenikasirikia.

Ni mimi mdogo wako,
Bertha

Kaka, shikamoo. Mimi sitaki kuolewa. Nataka kumaliza chuo. Da Bertha ametoka nje, hajaona nilichoandika.
Happy