Alama Nyuma ya Beji

Kibomet, Jumanne jioni

Si ningesema tu alama imefutika!

Mama mmoja mzee alisikia nakusanya beji, akatoka Bumula asubuhi na mapema, akaniletea beji ya kofia ya baba yake, imefungwa kwa leso. Zamani askari mwenzake na baba huyo aliileta nyumbani, akasema mzee alifia vitani Burma akiwa ameivaa. Mama alitaka tu kujua ilitengenezwa wapi.

Nikaigeuza, nikaweka lenzi, nikafurahi kama mjinga. Alama hiyo naijua: kiwanda kilianza kuigonga baada ya vita kwisha. Nikaropoka.

Akaniuliza, "Kwa hivyo alikuwa hai?"

"Labda, kukhu," nikamwita nyanya kwa heshima. "Ama askari huyo alileta beji nyingine."

"Mama alimlilia mpaka akakufa. Na yeye ati alikuwa mahali, anakula."

Nilimwambia beji peke yake haiwezi kuthibitisha kitu. Hakunisikia. Alikunja leso yake, beji akaiacha mezani. "Kaa nayo. Wewe ndiye unaijua."

Nyumba hii imejaa beji, na kila moja najua ilitoka kiwanda gani. Leo pia hakuna mtu ameniuliza kama nimekula.