Saa ya Ujiji Katika Ukuta wa Buyenzi

Buyenzi, Bujumbura
Jumanne, tarehe 9 Novemba 1993

Mpendwa wifi yangu Kudra,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto wote hapo Ujiji. Goti lako linaendeleaje? Bado unapanda ngazi za sokoni huku ukimlaumu kila mtu? Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi, lakini siwezi kuandika kwamba hatujambo. Kaa chini kwanza, wifi, kisha uendelee kusoma.

Ndugu yako Rachidi hajarudi nyumbani tangu Jumamosi. Nimeandika hivyo upesi kwa sababu nikianza kuzunguka sitalifikia.

Mnasikia redioni mambo ya huku. Tangu walipomwua rais, mji umewekewa couvre-feu: ikifika saa kumi na mbili jioni, mtu asionekane barabarani mpaka asubuhi. Askari wanaweka vizuizi vya magogo, na anayekutwa nje haulizwi mara mbili. Watoto wanalala chini ya kitanda, siyo juu. Mimi silali.

Sasa nikueleze lililotokea, maana wewe utalielewa kuliko mtu yeyote. Unaikumbuka saa ya marehemu baba yenu, Mzee Shakuru, ile ya ukutani aliyokuja nayo kutoka Ujiji akiwa kijana. Alikuwa akisimulia kwamba Wajerumani walipoondoka, Wabelgiji walichukua huku na Waingereza wakachukua kwenu, na ziwa moja likawa na saa mbili. Ofisi na kengele za misheni zikafuata saa ya Kongo, nayo ya Tanganyika ikawa mbele. Kwenu nako, alisema, wakubwa waliisogeza kidogo na kuirudisha walivyopenda. Mzee hakumsikiliza yeyote. Alisema Wabelgiji wamemnyang'anya saa nzima ya maisha yake, na ataichukua siku atakaporudi kwao. Basi hakurudi, tulimzika hapa hapa, na saa yake ikaendelea kwenda kwa majira ya Ujiji. Hata uhuru ulipokuja, Burundi ilibaki na ile ya Wabelgiji, na ninyi mkabaki na yenu.

Ndivyo mlivyolelewa humo ndani: mtu anatazama ukutani, anatoa saa moja, anakwenda zake. Nilipoolewa nilidhani mna wazimu. Kisha nikasikia kwamba wewe ulipohamia Ujiji ulichelewa kila mahali mwaka mzima, hata kwenye ndoa yako, kwa sababu ulikuwa bado unatoa. Tulicheka sana siku hizo.

Wiki mbili zilizopita tulimpokea Consolée, mwalimu wa shule, Mkristo, aliyekimbia mtaa wake na begi moja tu. Ni mtu mwema, anaosha vyombo kabla sijaviona. Jumamosi asubuhi nilikwenda sokoni Jabe kutafuta unga. Yeye akawa anasikiliza redio, akasikia saa ikitajwa, akatazama ukutani. Akapanda kwenye kiti, akairudisha mishale ilingane na redio. Hakuna aliyemwambia desturi ya nyumba. Sisi tumeizoea hata hatuioni.

Mchana Rachidi akaitwa mtaani Kiriri, kule mlimani, kutengeneza gari la mkubwa mmoja lililokataa kuwaka. Unajua havai saa ya mkononi, anasema mafuta na betri vinaziua. Mvua ilikuwa imefunika mji, jua halionekani. Alitazama ukutani ikawa kumi kamili. Akatoa moja kama alivyofanya tangu utotoni, akaniambia: "Bado ni tisa, Mama Houda, mi nitarudi mapema." Nami nilikuwa nachambua mchele, sikuinua kichwa.

Jioni ikaingia. Nikaanza kusema peke yangu kwamba giza limewahi kwa ajili ya mawingu. Consolée akaniambia: "Apana, Mama Houda, saa iko sawa. Ile ya ukuta ilikuwa inadanganya, nikaitengeneza." Wifi, kumbe Rachidi alikuwa ametoa saa iliyokwisha kutolewa. Nilimtazama yule mama nikataka kumtupa nje na begi lake. Yeye hakujua hata amefanya nini. Nilipomweleza alikaa sakafuni akalia kuliko mimi. Sikumfukuza. Aende wapi?

Jumapili asubuhi nilipanda Kiriri kwa miguu. Mwenye gari hakuwapo, nilimkuta zamu, mlinzi wa nyumba, mzee mmoja anaitwa Rénovat. Akaniambia: "Alimaliza kazi, gari ikawaka. Mi nikamwambia, baki hapa kwangu, saa imefika, majirani wamefunga milango. Akacheka. Akasema bado iko saa moja muzima. Nikamwambia tena, we lala hapa. Akasema apana, bibi yangu ataogopa."

Niliteremka kwa njia aliyopita. Kwenye mtaro niliona kandambili moja. Niliigeuza kwa mguu, haikuwa yake. Nilifurahi, Kudra, kisha nikaona haya, maana ni ya mtu. Kwenye kizuizi nilimwuliza askari kijana. Akaniambia niende nyumbani na nisirudi kuuliza. Hospitali hayumo. Msikitini wamemwombea, na imamu ameniambia nisiweke matanga bado.

Naogopa usiku na naogopa mchana. Mlango ukigongwa naogopa kwamba siye, na usipogongwa naogopa vilevile. Houda naye kila saa inapolia ananiuliza: "Mama, tutoe ao tusitoe?"

Aloys, mfanyabiashara wa dagaa atakayekuletea barua hii, anasema wako wanaume waliokimbilia ziwani usiku ule wakapata mitumbwi ya kuelekea kusini. Nakuomba uende Kigoma, utazame wanaoshuka. Uliza kwa jina, uliza fundi wa magari mwenye kovu la moto kwenye mkono wa kushoto. Usichoke siku ya kwanza.

Nisalimie shemeji, mama Zubeda na mwanao Anouar. Consolée anakusalimu, ingawa anaona haya kutajwa. Mungu awafunike ninyi nyote, na atulinde na sisi tuliobaki mlangoni.

Na ukimwona Rachidi, wifi, usimwache apande boti ya kurudi. Atakuambia lazima arudi upesi kwa sababu mke wake anaogopa. Mshike nguo. Mwambie nimesema mimi mwenyewe kwamba siogopi.

Wako akupendaye daima,
Khadidja, mke wa ndugu yako