Ubao wa Mwisho wa Daraja la Zamani

Shoga, naandika haraka haraka, utanisamehe nikikosea.

Baba mkwe nusura afe leo. Si unajua haoni, na siku zote anavuka mkono wa bahari kwenda kwa kinyozi wake kwa kufuata chuma cha pembeni cha daraja la zamani. Sasa mafundi wameng'oa mbao za katikati. Chuma wamekiacha. Yaani wameacha kilekile anachokishika yeye.

Nimemkuta kwenye ubao wa mwisho. Chini maji yamekupwa, tope tupu na nondo zimechomoza. Fimbo ilishadondoka. Mguu mmoja uko hewani, shoga. Hewani.

Nikamkumbatia kwa nyuma. Mimi, ambaye sijawahi hata kumgusa bega.

Akauliza taratibu, "Daraja limeenda wapi?"

Nyumbani mume wangu anasema alidhani mimi nimemwambia mzee kwamba la zamani linabomolewa, apite jipya. Mimi nilidhani wifi. Wifi eti alidhani mzee amesikia redioni.

Mzee amekaa kitandani, viatu hajavivua. Ameuliza kitu kimoja tu: "Kumbe siku zote hizi nyote mnapita daraja jipya?"