Jibu la Mwalimu Harker

Alhamisi, 7 Novemba 2024
Chemsha bongo ya kila Alhamisi imefana! Baa ya Gareth ilijaa pomoni, maswali yote nimetunga mwenyewe. Timu mbili zikalingana pointi, nikauliza la kuamua: jiwe linaloelea angani, kabla halijafika kwenye hewa ya dunia, linaitwaje? Akasimama Mwalimu Harker, aliyetufundisha sayansi sisi sote. Tangu kiharusi cha mwaka jana, alikuwa hajawahi kusema mbele za watu. Akahangaika na neno weee, mpaka likatoka: meteoroidi. Nikashika kipaza sauti: Pole, Mwalimu, ni meteori — chipsi zimepoa tukikungoja, kumbe kosa! Watu hoi kwa kicheko. Mkewe, Win, akanung'unika eti niangalie tena. Nikamkumbusha kanuni: neno la muuliza maswali ndilo la mwisho. Trei ya nyama, zawadi ya washindi, ikaenda kwa wale wengine.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimeangalia.

Likiwa bado huko juu, ni meteoroidi. Likiingia kwenye hewa na kuwaka, ule mwali ndio meteori. Likitua chini, meteoriti. Na alitufundisha kwa chaki! Chaki mkononi, chaki hewani, chaki kwenye kichwa cha Gareth. Nilikuwepo. Nilicheka mpaka nikatolewa nje.

Mzee kapigana na ulimi wake mbele ya kijiji kizima, kalipata neno, tena ndilo lenyewe — na mimi nikaleta habari za chipsi. Aibu imenishika mpaka masikio yanawaka moto. Nimempigia Gareth. Achana nayo, Bev, anasema, ni mchezo tu, wiki ijayo watu wamesahau.

Jumapili, 10 Novemba
Kumbukumbu ya mashujaa waliokufa vitani. Wote pale mnarani, maua mekundu ya karatasi ya kuwakumbuka kifuani, mvua ya manyunyu. Nilijibanza nyuma ya kasisi — mwanamke mzima! Wimbo ulipoanza nikachungulia. Mwalimu kusema kunamshinda, lakini kuimba huwa anaimba, kila mtu hapa anajua. Leo midomo kaifumba kabisa.

Jumanne, 12 Novemba
Win kaja dukani kwangu kununua maziwa. Tukaongea habari za mvua. Tukaongea habari za mvua ya jana. Halafu, huku anahesabu sarafu zake: "Hasemi, Bev. Tangu Alhamisi. Hata chai haombi, ananionyesha kikombe."

Hakunilaumu hata kidogo. Afadhali angenitukana! Hapo ndipo pa kusema, nami nikafanya nini? Nikamtilia pakiti ya biskuti za bure. Biskuti! Sijui kwa nini mimi ni mwoga hivi.

Alhamisi, 14 Novemba
Nimefunga duka mchana, nimeenda kwao. Alikuwa kitini, blanketi magotini. Nikayamwaga yote bila kupumua: ulikuwa sahihi, Mwalimu, mimi ndiye niliyekosea, na nikakufanyia mzaha mbele za watu. Nisamehe.

Akanikazia macho kama zamani nilipokuwa sijafanya kazi ya nyumbani. Kisha mdomo ukaanza kuhangaika. Safari hii nilingoja, ningengoja hata mpaka kesho.

"Te... na."

Win akaliweka birika chini taratibu. Nikarudia, kwa sauti zaidi, nikidhani hakusikia. Akatikisa kichwa. Akakunja ngumi, akaisogeza mdomoni, kama mtu aliyeshika kipaza sauti.

"Tena."

Win akawa anacheka huku machozi yanamtoka. "Anataka ukaseme kulekule baa, mwanangu. Yote. Na ile ya chipsi."

Sasa ni jioni. Nimevaa koti, nimelivua, nimelivaa. Gareth kanipigia, baa imejaa, anauliza niko wapi. Gari la Win liko hapa nje, taa zinawaka, na Mwalimu kiti cha mbele — kafunga tai! Kashusha kioo ingawa ni baridi. Nikichungulia nyuma ya pazia ananiona. Nimejaribu kuisema mbele ya kioo cha bafuni: nilikosea, nikamcheka. Nafika kwenye chipsi, sauti inakatika.

Honi.

Tena.