Gari Lisilo na Nyuma

Jumamosi, 6 Machi 2004

Limefika! Mume wangu Simon kalileta toka Dar, tope mpaka kwenye vioo, lakini linang'aa hivyo hivyo. Wagon ya Kijapani, rangi ya fedha, limeinuka juu, ndani kama sebule. Vioo vya umeme. Gia otomatiki — mguu mmoja unafanya kazi, mwingine umekaa kama mgeni. Simon kauliza, AC ya nini na baridi hii ya Tukuyu? Nikamwambia hiyo hiyo inatoa na joto, acha ushamba wewe! Mlima wa Kyimo tumeupanda na magunia ya viazi kwenye buti, wala halikuhema.

Pikapu kuukuu imeshaondoka na mnunuzi wake. Sikuisindikiza. Nimeloa vya kutosha kwenye bodi lile.

Jumapili, 14 Machi

Tumekwenda Suma kumchukua baba mkwe twende naye kanisani. Kagoma! Kwenye pikapu yeye alikaa mbele na mwanawe, mimi nyuma kwenye bodi, nimejitanda kanga, nimewapa mgongo. Ndiyo mila yetu Wanyakyusa: mkamwana na baba mkwe hawaonani, hawasemezani. Sasa wagon haina nyuma. Chumba kimoja wote!

Nikashuka, nikajibanza kwenye migomba, Simon ampakie peke yake. Wapi. Nikamsikia Mzee akisema siti aliyokalia mkwe wake yeye ataikaliaje. Akashika fimbo yake, akaenda kwa miguu. Nilicheka moyoni. Atazoea tu.

Jumatano, 24 Machi

Hajazoea. Leo ilikuwa siku yake ya kliniki ya presha, hakwenda. Mara ya pili hiyo. Zamani pikapu ilimpeleka. Simon alipomsema, kajibu kwa upole: gari zuri, mwanangu, ila mlipolichagua mlinisahau.

Simon kanitazama. Aliyechagua ni mimi. Yeye alitaka pikapu ya milango minne, yenye bodi lake nyuma. Mimi nikasema nimechoka kupakiwa kama mkungu wa ndizi. Na kweli nilichoka! Lakini ningekubali tu. Roho inaniuma.

Jumatatu, 29 Machi

Simon yuko Dar, kapeleka ndizi kwa lori. Asubuhi shemeji yangu Meshaki kaja huku kwetu Bulyaga na baiskeli, anatweta: Mzee kaanguka kwenye shamba la chai, mkono wa kushoto haunyanyuki. Meshaki hajui kuendesha. Basi ni mimi.

Mvua, na barabara ya Suma tope tupu. Pikapu ingelala pale. Hili magurudumu yote manne yanavuta, halikuyumba hata kidogo. Zuri mno, ndiyo maana linaniuma. Wakamlaza siti ya nyuma, Meshaki kampakata kichwa. Nikageuza kioo cha ndani kitazame paa, nisije nikamwona.

Kwenye kona Mzee akanong'ona: Meshaki, mwambie apunguze mwendo. Meshaki naye: shemeji, punguza mwendo. Kana kwamba sina masikio! Siku nyingine ningecheka. Nikapunguza, nikaendesha machozi yananitiririka.

Daktari kasema angehudhuria kliniki yake, huenda yasingefika hapa. Nikainamisha kichwa.

Jumanne, 30 Machi

Nipo uani hospitali, naandikia kwenye usukani. Wanataka apelekwe Mbeya leo hii. Gari la wagonjwa limeondoka na mama mwenye uchungu, haijulikani litarudi saa ngapi. Tusisubiri, tuende na letu.

Ila akilala kifua kinambana. Nesi kalikagua gari, kasema akae siti ya mbele, ndiyo inayoegemea vizuri. Yaani ubavuni kwangu! Meshaki alikwenda kumwambia. Karudi. Anasema Mzee kageuzia uso ukutani, halafu kasema: mwambie nitakaa mbele.

Nilitaka azoee. Siyo hivi, Mungu wangu. Siyo kwa kushindwa. Mtu mzima, mila yake ndiyo heshima yake, na mimi nimemvua kwa sababu ya viti vya velveti.

Nimeifuta siti. Nimetandika kanga mpya ambayo sijawahi kuivaa, angalau asiketi nilipoketi.

Wanamleta. Anaburuta mguu, kainamisha uso asinione. Meshaki kamshika huku, nesi kule, mikono yao imejaa. Mlango wa mbele umefungwa, na aliye karibu nao ni mimi. Naweka kalamu, nikamfungulie —