Bado Nimo Edani

Ilala, Dar es Salaam

Kwako Dada Somoe,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepunguza kukuuma tangu mvua zikatike. Shemeji hajambo? Na ule mkorosho ulioinamia paa, mmeshaukata? Mimi huku nipo, alhamdulillahi.

Utashangaa kupata barua zama hizi. Lakini kwenye simu husikii vizuri, na mambo haya siwezi kuyasema kwa kupaza sauti, nyumba nzima ya wapangaji isikie. Vaa miwani uisome mwenyewe, usimpe mjukuu akusomee.

Unakumbuka shemeji yako Anuari alivyokuwa pale barazani Kariakoo, cherehani mbele, maneno mengi kuliko nguo. Kiharusi kilipomchukua maneno yakaisha. Mkono wa kushoto tu ndio ulibaki, akavaa kidoleni ile subana yake ya chuma ya kushonea, na akinihitaji anagonga ubao wa kitanda. Nilijua kugonga kwa kiu na kugonga kwa kutaka kugeuzwa. Kuna kugonga kwingine kulikuwa hakutaki kitu. Nikifika ananitazama tu, basi nakaa.

Miaka sita, dada. Mwanzoni watu walikuja. Baadaye wakawa wanasimama mlangoni, wanasema pole, Mungu yupo, wanaondoka. Siwalaumu, chumba cha mgonjwa kina harufu yake. Mwanangu Twaha alikuwa akipiga simu kutoka Mwanza kila Ijumaa, anauliza mgonjwa anaendeleaje. Wote mliuliza hivyo. Nami najibu anaendelea vizuri, huku nimesimama uani sijui kama nimekula jana au juzi. Kuna siku nilimfokea kwa kumwaga uji, kisha nikaenda kulia bafuni nimefungua bomba, asisikie.

Alipofariki, ndipo nyumba ikajaa. Wewe ulikuja ukarudi baada ya matanga, hukuona yaliyofuata. Nilipokaa eda, kila alasiri wanawake walikuja kukaa nami. Sitara, jirani yangu anayeuza mitumba Mchikichini, anakuja na furushi lake, tunakata vifungo vilivyolegea na kuvishona upya. Violeth, mpangaji wa chumba cha mbele, Mchaga wa Rombo, si Mwislamu, lakini naye anajitanda khanga anakuja na bakuli la mtori, supu yao ya ndizi. Wanacheka, wanasengenya bei za Kariakoo, wananiambia nisicheke sana, mimi ni mfiwa. Siku ya kwanza Violeth aliniuliza, mama, wewe umekula? Nililia kuliko nilivyolia siku ya maziko, na wote wakadhani namlilia Anuari.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia Twaha. Eda yangu imekwisha, dada. Miezi minne na siku kumi imepita, na mwezi mwingine umeandama juu yake. Bado nimevaa nyeupe, bado sitoki. Kila anayeuliza namwambia bado. Najua dini hairuhusu kuongeza. Lakini mfiwa hutembelewa, dada. Mwanamke mzima, mwenye nguvu zake, nani ataacha biashara yake alasiri aje kumtazama? Na wakiondoka, nasikia ubao ukigongwa. Nainuka kweli, naenda hadi kitandani, nageuza mto.

Juzi Sitara alikuja peke yake, na udi, na wanja, na khanga mpya. Akaniambia, Bi Moza, sisi sote tunajua kuhesabu. Tumenyamaza tukidhani umempenda marehemu kupita kiasi. Nikamwambia nimempenda, lakini si hilo. Ninaogopa alasiri. Nikamweleza na habari ya ubao. Akakata uzi kwa meno, akasema, kumbe shoga unatufuga kama kuku, unatutupia eda turudi bandani! Tulicheka hadi Violeth akachungulia. Kisha akasema kwa upole kwamba watakuja hata nikivaa nyekundu, na kama hawaji, niende mimi kwenye meza yake Mchikichini, vifungo haviishi. Akaniambia pia kwamba habari ya ule ubao nimweleze nesi wa zahanati, kwamba mama yake naye alisikia, na hakuwa kichaa, alikuwa amechoka.

Nataka kumwamini. Lakini nilimwomba khanga ile aiweke kwanza. Ulipoolewa mimi ndiye niliyekutia hina, na wewe ndiye uliyenisuka siku yangu. Nataka wewe ndiye unioshe na kunitoa edani.

Jana, walipokwisha kuondoka, niliivaa ile subana. Kidole changu ni chembamba, ikanipwaya. Nikalala upande wake, nikagonga ubao, nikangoja. Nilitaka kujua mtu anayegonga anasikiaje kabla mlango haujafunguliwa. Nikagonga tena. Kisha nikainuka nikatafuta kalamu.

Nisalimie shemeji na wajukuu wote, na mama Tausi wa kisimani kama bado yupo. Ukija, usihangaike na zawadi. Korosho kidogo tu, za kuchomwa, Sitara anazipenda.

Nakungoja.

Mdogo wako,
Moza