Namba Sita na Shikamoo ya Mwizi

Mama,

Ukitoka kanisani, uji uko kwenye thamosi. Dawa ya presha unywe baada ya kula, si kabla.

Zile namba sita ulizomsomea yule mtu kwenye simu asubuhi ndizo ufunguo wa pili wa ukurasa wangu wa kuuzia nguo mtandaoni. Niliandikisha laini yako nikijua kwako ndiko salama. Sasa ukurasa anao yeye. Naenda Shanzu kwa Ronny, anayejua mambo ya mitandao, anisaidie kuurudisha.

~~Usipokee simu tena.~~ Pokea, lakini namba usimpe mtu, hata mimi.

Unasema alikuamkia vizuri. Ni kweli. Mimi mwanao nilipita mbele yako nikitafuta chaja, nisikuamkie.

Shikamoo, mama.

Binti yako,
Eddah